Mshenga Aliyenyamaza Zhongda

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2008, Bwana Ghalib Murshid anakabidhi funguo zake baada ya kuitumikia Kampuni ya Marijani na Wenzake, mawakala wa mizigo, kwa miaka ishirini na saba. Alianza Kariakoo, akahamishiwa Dubai, na tangu mwaka 1999 yupo nasi hapa Guangzhou. Mkurugenzi wetu, Bwana Marijani, ameniagiza niandike kwamba Bwana Ghalib anastaafu kwa hiari yake. Haya, nimeandika. Sasa naomba niendelee na mambo ya kweli.

Mimi ni Hafidha, wa dawati la nyaraka za forodha. Nimepewa kazi hii kwa sababu, kwa maneno ya mkurugenzi, nina kalamu tamu. Angejua! Mkataba wangu unakwisha mwezi huu huu, programu za hafla ya kumuaga zinachapwa mtaa wa Yide Lu, na anayezipeleka kuchapwa ni mimi. Atakapoyasoma haya yatakuwa yamekwisha kuwekwa juu ya kila kiti ukumbini, na wageni watakuwa wamefika ukurasa wa pili.

Kazi ya Bwana Ghalib ilikuwa kusema. Mfanyabiashara anashuka kutoka Bukavu au Dar es Salaam, Kichina hajui, kiwanda hakijui, lakini anataka kontena lijae. Ghalib anamtangulia sokoni, anamsemea. Nyote mmemwona: anamsalimu laoban, yaani mwenye duka, anamuulizia watoto, anasikia bei, anashika kifua kama aliyechomwa mkuki, anatoka nje, anarudi, anakunywa chai. Laoban akisema meiyou, hakuna, Ghalib husikia "subiri kidogo". Kwao Zanzibar alikuwa mshenga tangu ujana. Nusu ya ndoa za Kikwajuni kaziposa yeye, na anadai kwamba zilizovunjika ni zile za nusu nyingine.

Mema yake ni mengi, nami si mchoyo. Watu wa soko la viatu la Liuhua waliwahi kutuuzia kontena zima la viatu vya mguu wa kushoto. Ghalib alikwenda akakaa mlangoni pa kiwanda na kiatu kimoja tu mguuni, kutwa nzima, mpaka wakaona haya wakavitoa vya kulia. Mwaka 2003, ugonjwa wa mapafu ulipoingia mji huu na baadhi ya watu, sitawataja wakurugenzi kwa majina, wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli muhimu Dubai, yeye alibaki akifungua ofisi kila asubuhi. Kasoro zake nazo zipo. Hukoroma kwenye vikao vya Ijumaa. Na katika miaka yote niliyofanya naye kazi sijamsikia hata mara moja akisema "sijui".

Lakini hayo ni ya wasifu wa kila mtu. Mimi nataka niandike kuhusu Kethia.

Kethia ni binti wa Mama Mwavita, mnunuzi wa vitambaa kutoka Bukavu, mteja wetu tangu ofisi hii ikiwa na kiti kimoja. Mtoto amekulia Ubelgiji, mjini Liège, kwa shangazi yake, na huko ndiko alikokuwa akisoma shahada ya kwanza ya uchumi. Kiangazi cha mwaka 2006 alikuja kukaa na mama yake hapa, na begi lake la vitabu lilikuwa zito kuliko la nguo. Alikuwa akijiandaa kuomba masomo ya juu ya uchumi, uzamili kisha uzamivu, katika vyuo vya kule ambavyo akipokelewa mmoja wengine chungu nzima wanaambiwa asante kwa kutukumbuka.

Kwa kuwa nyumbani kwa mama yake majora ya vitambaa yalikuwa mpaka kitandani, tulimpa meza ya pembeni hapa ofisini. Nami nilidhani uchumi ni mambo ya bei ya mchele. Loo! Yule mtoto alikuwa akisoma hisabati isiyo na tarakimu, herufi za Kigiriki tupu. Siku moja asubuhi nzima ilikwisha akithibitisha kwamba mtu akipanda kutoka chini mpaka juu, lazima kuna mahali alipita katikati. Nikamwambia mwanangu, hilo hata paka wa Yide Lu analijua. Akanijibu kwa adabu zake, kwamba kulijua si tabu, tabu ni kulithibitisha. Nikamtengea chai, maana mtu akifika hapo huna la kumsaidia.

Wenye la kumsaidia walikuwa tele. Mji huu mtu hana haja ya kusoma ili awe mshauri wa elimu, inatosha kuwa na suti. Wa mbele alikuwa Bwana Didas wa idara ya masoko, ambaye ana cheti cha biashara alichokiwekea fremu pana kuliko cheti chenyewe. Didas aliomba kuona matokeo ya Kethia, akakuta kumi na nne juu ya ishirini, akatikisa kichwa kwa huruma. Sabini kwa mia! Mtoto huyu ni wa wastani, akatangaza, atafutiwe mwalimu wa ziada. Kethia akaeleza kwamba kwao Ubelgiji kumi na nne ni daraja la heshima, kumi na sita ni la kufanyiwa karamu, na ishirini hapewi mtu. Didas akamwambia asijitetee. Wiki ile yote alikuwa akimsimulia kila mteja jinsi alivyomwonya.

Shida ya kweli ya Kethia ilikuwa nyingine, na yeyote ambaye angeuliza angeijua. Vyuo vile vinataka barua tatu za kumpendekeza mwanafunzi, na angalau moja iwe ya profesa anayejulikana. Mbili alikuwa nazo. Ya tatu alikuwa anaitegemea kwa profesa mmoja wa chuoni kwake, mchumi mwenye jina, ambaye alimfundisha mwaka mzima katika ukumbi wa watu mia tano bila kuijua hata sura yake. Ndivyo wanavyosoma kule: mwalimu yuko chini na kipaza sauti, wewe uko juu karibu na dari, mwisho wa mwaka mnaagana hamjajuana. Bila barua ile, maombi yake hayakuwa na miguu. Na bahati gani, profesa huyo huyo alikuwa anakuja Guangzhou mwezi wa Agosti kwenye mkutano wa wachumi! Kethia alikuwa amekwisha kumwandikia kwa kompyuta kumwomba dakika chache, ila alikuwa bado hajajibiwa.

Watu wengine wangemwachia msichana shida yake. Sisi tukaunda kamati.

Msicheke, mnatujua. Mtu akioa ni kamati, akifa ni kamati, akinunua gari kuna atakayeuliza mwenyekiti ni nani. Didas akawa mwenyekiti, Bwana Marijani akawa mlezi, pakawa na vikao, soda na sambusa, pakawa na mjadala mkali juu ya rangi ya sare. Sare ya nini? Hakuna aliyejua. Mama Mwavita, maskini, hakuijua kazi ya barua wala ya profesa, alijua tu kwamba wakubwa wamekaa kwa ajili ya mwanawe. Alikuwa akirudia neno moja, "Miye niko na mutoto moja tu," huku akiongeza sambusa.

Kamati ikafikia uamuzi ambao ungefikiwa na kamati yetu tu chini ya jua. Ukitaka jambo kubwa kwa watu wasiokujua, huendi mwenyewe. Unatuma wazee wakusemee, nao hawaendi mikono mitupu, maana mkono mtupu haulambwi. Profesa atendewe hivyo hivyo. Na Kethia mwenyewe akakatazwa kufuatana nao, kwa hoja kwamba mwari haendi kwenye posa yake. Mtoto alipinga. Alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu kilichopitia Liège kwamba kule mtu hujisemea, na ukisemewa unaonekana huna la kusema. Didas akamjibu kwamba mila haina Ulaya wala Asia. Mshenga akachaguliwa bila kupigiwa kura: Bwana Ghalib.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo kamati haikulijua na Ghalib alilijua. Yeye mwenyewe kaniruhusu nilitoe.

Kethia alikuwa na utafiti wake, wa kuonyesha kwamba anaweza kufanya kazi ya kichumi na si kukariri tu. Aliufanyia kwenye soko la vitambaa la Zhongda, na aliyemzungusha humo, akamfundisha majina ya vitambaa na namna ya kushika jora, ni Ghalib. Alimpenda kama binti yake. Utafiti ulikuwa hivi: kitambaa kile kile, duka lile lile, kiasi kile kile, unauliza bei siku moja ukiwa na wakala, siku nyingine bila wakala. Jibu likawa lile lile kila duka. Ukiwa na wakala bei iko juu. Kwa nini? Kwa sababu laoban anaongeza cha juu, na mteja akishaondoka, hicho cha juu anakirudisha kwa wakala. Ofisi yetu ina kibao ukutani kinachosema huduma ya mkalimani ni bure kwa wateja wote. Bure! Na asijifanye mtu hapa kwamba hakujua. Huduma hiyo walikuwa wanailipia akina Mama Mwavita, kila mita, miaka yote, bila kuambiwa.

Kethia alipokwisha kuliona hilo alimfuata Ghalib kabla ya kumwambia mtu yeyote. Nilikuwa mezani kwangu, nikasikia. Akamwambia, Tonton, kama wanavyomwita mjomba kwa Kifaransa, niliacha jina lako nje, lakini mama akisoma atajua. Ukitaka nitatafuta kitu kingine cha kuandika. Ghalib akainuka akaenda zake. Alimnunia wiki nzima, salamu hakuna, chai hakuna, akawa anapita mbele ya meza yake kama anapita mbele ya kabati. Mzee mzima! Nilimwambia wakati ule na nasema tena hapa, ilikuwa aibu.

Basi kamati ilipompa ushenga, akaupokea kwa moyo mweupe kupita kiasi. Kuitwa kumsemea mtoto ambaye hutaki aseme, kuna nafuu gani zaidi ya hiyo?

Wakaenda watatu hotelini: Ghalib na kanzu na koti, Didas na suti, Bwana Marijani na sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na hariri, seti ya chai, mashine ya kukanda miguu, na saa ya mkononi ya jina kubwa la Uswisi iliyotengenezwa mtaa wa nyuma ya stesheni. Saa ya bandia kumpa mchumi! Wakamkuta Profesa ukumbi wa mapokezi, mtu mwembamba, kashika kikombe. Ghalib akakohoa, akaanza kama wanavyoanza Kikwajuni, kwa Kiingereza chake kizuri. Alisema wao ni wazee waliotumwa, wana ua bustanini mwao, bichi, halijaguswa na mtu, na wameona hapana mikono ya kulikabidhi isipokuwa yake. Akaendelea kwamba msichana ana adabu, hatoki usiku, anajua kupika, na mama yake yuko radhi.

Profesa alibadilika rangi. Jiwekeni mahali pake: uko nchi ya ugeni, wamekuzunguka wanaume watatu na sanduku, wanakupa msichana. Akasema kwa sauti ya kukauka kwamba ana mke. Didas akaingilia kuokoa jahazi, akaeleza kwamba si ndoa, ni mwanafunzi wake mwenyewe wa Liège, anaomba barua. Kwa kweli Profesa akatulia. Si mtu mbaya. Aliweka kikombe chini akauliza swali ambalo Kethia alikuwa amelingoja mwaka mzima: mimi simkumbuki, anafanya utafiti gani?

Didas akamtazama Marijani, Marijani akamtazama Ghalib. Kwenye meza ile mtu mmoja tu alikuwa na jibu, na lingetosha. Ghalib akasema, "Anajitahidi sana."

Ndiyo hiyo tu. Miaka yote ya ulimi mtamu, siku ya kusema ikaja na hilo. Bwana Marijani, kwa akili zake, akaona kimya kimezidi na sasa ndiyo wakati wa zawadi, akafungua sanduku. Saa ikaonekana juu kabisa. Profesa akasimama. Aliwaambia kwamba hajawahi kudharauliwa hivi, na kwamba atamwandikia mkuu wa kitivo kuhusu mwanafunzi aliyetuma watu kununua barua. Jina la Kethia akalichukua kwa Didas, herufi kwa herufi, na Didas akampa! Wakaliacha sanduku pale kwa kuamini kwamba posa isiyorudishwa imekubaliwa. Mlinzi wa hoteli aliwakimbilia nalo mpaka barabarani.

Walirudi ofisini kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa ukalimani. Mama Mwavita, alipoona sanduku limerudi, akakaa sakafuni. Hilo alilielewa bila kufafanuliwa. Kethia hakulia. Alifunga kitabu chake taratibu, akasema atarudi Liège, kuna duka la viatu lililomwahidi kazi. Mtu akishatajwa kwa mkuu wa kitivo kwa rushwa, alieleza, haombi tena masomo, si pale tu, popote. Kisha akamgeukia Ghalib na swali moja, bila ukali wowote: alipokuuliza nafanya nini, Tonton, ulimwambia? Ghalib akaitazama mikono yake. Nilitamani nimzabe kofi, na nilitamani nimfunike uso asionekane. Vyote viwili.

Kamati ilipanga kikao cha dharura. Ghalib hakuhudhuria. Asubuhi yake, bila kumuaga mtu, alirudi hotelini na shati la kazini, akamngoja Profesa mlangoni pa chumba cha kifungua kinywa. Mlinzi alitaka kumtoa. Profesa naye alitaka atolewe. Ghalib akasema maneno ambayo Profesa mwenyewe aliyarudia baadaye mbele ya watu: "Jana nilikuja kukuuzia kitu na sampuli nimeificha. Leo sina kitu mkononi. Yule msichana hakututuma, alitukataza. Kazi yake ni kupima jinsi mimi ninavyowaibia wateja wangu. Twende ukaone kama kapima sawasawa."

Mchumi, jamani, mwonyeshe mwizi aliyekubali kupimwa, atakufuata hata kwa miguu. Profesa aliacha mayai yake mezani.

Mimi nilipigiwa simu nimlete Kethia Zhongda haraka, ndiyo maana niliyaona yaliyofuata kwa macho yangu. Ilikuwa siku ya manunuzi. Mama Mwavita alikuwepo na wenzake wa Bukavu na wanawake wawili wa Dar es Salaam, wamesimama kwenye duka la laoban wa vitenge, majora yamewafika kiunoni. Pakiti za uzi chini, toroli zinapita, kila mtu anapiga kelele ya kupishwa. Profesa hakusalimia sana. Akamuuliza Kethia palepale: umejuaje ni wakala na si ubora wa kitambaa?

Akamjibu. Akamuuliza tena, umechaguaje maduka? Akamjibu. Je, kama anayekwenda na wakala ni mgeni, na mgeni huuzwa ghali kwa ugeni wake? Akamjibu kwamba aliwatumia wanunuzi wale wale kwa namna zote mbili, na mmoja wao ni mama yake. Sauti yake mwanzo ilikuwa ndogo, kisha ikatafuta mahali pake ikakaa. Walikuwa wanazungumza Kifaransa, na wanawake wa Bukavu ni watu wa Kifaransa. Niliona vichwa vinaanza kugeuka. Mama Mwavita aliliacha jora alilokuwa analishika.

Swali la mwisho Profesa hakumuuliza Kethia. Alimgeukia Ghalib, akabadilisha lugha ili naye asikie vizuri, akauliza kama hayo ya cha juu ni kweli.

Nawajua mawakala wa mji huu. Wengine wangecheka. Wengine wangesema ah, Profesa, mtoto bado mdogo, takwimu zake hazijaiva. Ghalib angeweza kuizungusha ile saa nzima, mnamjua, na pale mbele ya wateja wake kila sababu ya kufanya hivyo alikuwa nayo. Kethia alikuwa hamtazami, kainamisha kichwa. Mshenga wetu akanyamaza. Alinyamaza mpaka laoban akaacha kupiga kalkuleta yake. Halafu akasema kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza, na alimwambia Mama Mwavita, si Profesa:

"Kweli."

Neno moja. Sikuwahi kumheshimu hivyo kabla ya siku ile, na nasema wazi, nililia pale pale katikati ya vitenge vya watu.

Barua iliandikwa, kurasa mbili, na kwa mkuu wa kitivo hakikwenda kitu. Septemba mwaka jana Kethia alianza masomo yake ya uzamili, na mwaka huu kafaulu kwa alama ambazo Bwana Didas bila shaka ataziita za wastani. Kamati, kwa taarifa yenu, ilifanya kikao cha kujipongeza. Didas alitoa hotuba kuhusu umuhimu wa kuwatumia wazee.

Aliyebaki na gharama ni Ghalib. Habari zilifika Xiaobei, mtaa wa Waafrika wa mji huu, kabla yake. Bwana Marijani alimwita akamtaka aandike kwamba hakuelewa swali kwa sababu ya Kifaransa. Ghalib akamkumbusha kwamba aliulizwa kwa Kiingereza. Basi akaondolewa sokoni. Yeye, bingwa wa Zhongda na Liuhua, akapewa kazi ya kubandika karatasi za anwani kwenye marobota, na mwezi wa Machi mwaka huu akaambiwa kwamba umri wake unastahili mapumziko. Kibao cha huduma ya bure bado kipo ukutani. Kimepigwa rangi mpya. Na Mama Mwavita, ambaye watu walidhani atamshukuru mtu aliyemwokolea mtoto, hakumsalimu tangu siku ile. Mtoto kaokolewa, sawa, lakini kuibiwa na mtu uliyemwita ndugu kuna uchungu wake, na hakuna barua ya profesa inayoufuta. Ghalib hakumlaumu. Kila mama huyo alipopita, Ghalib aliinuka kitini akasimama mpaka apite.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa kampuni hii, wale wenye haya na wale wasio nayo, nakushukuru Bwana Ghalib kwa viatu vya kulia, kwa mwaka 2003, na kwa lile neno. Urudi Kikwajuni kwa amani, ulale mpaka jua likuchome, ukorome pasipo na kikao. Mungu akupe afya na wajukuu wabishi. Tunakupenda, hata kama mkurugenzi atasema kifungu hiki hakikuidhinishwa.

Mwisho, wageni waalikwa wanaarifiwa kwamba hafla itachelewa kuanza kidogo, kwa kuwa asubuhi hiyo mstaafu wetu atakuwa bado kazini. Alhamisi iliyopita Mama Mwavita aliingia ofisini, akampita Bwana Marijani aliyekuwa amekwisha kunyoosha mkono, akaenda mpaka kule nyuma kwenye marobota. Alisimama mbele yake, akamwambia kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Papa Ghalib, Jumatatu asubuhi tunaenda Zhongda, weye na miye. Siku hiyo ni miye nakulipa, hapana laoban."